Mwewe Aliyechukua Kofia Yangu

Kiegei, Nachingwea,
9 Desemba 1951.

Mpendwa binamu yangu Fransisko, mpishi wa wakubwa huko Muheza,

Nakusalimu salamu nyingi kuliko maharage uliyokula misheni kabla hawajakubatiza. Barua hii inaandikwa na mkono uleule ambao Alhamisi iliyopita ulimdaka mwewe hewani, miguu yote miwili, ukambwaga chini kama embe bovu. Wasomee na wenzako wa hapo jikoni, wajue umetoka katika ukoo gani.

U hali gani, na kifua chako je? Lile kohozi la mashamba ya mkonge limekuacha, au bado unawakoholea watu kwenye mchuzi? Sisi huku tu wazima, ila goti langu la kushoto limeanza kutabiri mvua, na mke wangu Mwamini anasema ndicho kiungo changu pekee kinachosema kweli.

Basi, kwa heshima ya goti, naomba nirudi nyuma kidogo. Mwewe sikumdaka. Sikumgusa hata unyoya. Yeye ndiye aliyenigusa. Lakini yaliyotokea ni makubwa kuliko uongo niliokuwa nimekutengenezea, na mimi tangu nizaliwe sijaona kweli ikiushinda uongo wangu kwa ukubwa. Kwa hiyo tulia, geuza chungu kisiungue, unisikilize.

Kwanza habari za nchi. Ungefika leo usingeijua. Ule msitu tuliokuwa tukitega ndani yake kanga, pale tulipopotea siku mbili ukaanza kusali sala za dini mbili kwa pamoja, haupo. Mitambo ya Wazungu waliokuja kulima karanga iliupitia kwa minyororo, mti mkubwa unavutwa na mizizi yake kama jino la mtoto. Sasa ni uwanja mtupu mpaka jicho linachoka. Ndani ya uwanja ule panya na panzi hawana pa kujificha, na juu yake mwewe wanazunguka, kumi, ishirini, siku nyingine nikaacha kuhesabu. Nilikuwa naenda kutazama tu. Nchi imenyolewa kama kichwa changu, na mbingu imeota ndege.

Hapo ndipo ujinga uliponiingia. Unalijua lile pori dogo la nyuma ya nyumba yetu, lile la miiba, linaloanzia bafuni hadi kwenye mkwaju. Nikasema, ikiwa wageni wameng'oa msitu mzima, mimi Bashiri Nampota nashindwaje na kichaka? Nikalikata kwa siku tatu. Nikakusanya, nikachoma, nikafagia. Majirani walipopita niliwaambia hapa sasa ni mjini. Mwamini aliniuliza jambo moja tu: vifaranga watakimbilia wapi? Nikamjibu kwamba kuku ana akili yake, atajua. Hakunijibu. Unamjua dada yule wa Nambilanje. Asipojibu, ujue ameweka akiba.

Sasa nikueleze kwa nini vifaranga hao si kitoweo tu. Mjukuu wetu Mwanne atatoka mwali mwakani baada ya mavuno. Na kwetu, unavyojua, kungwi hapikiwi kuku wa kununua. Anapikiwa kuku aliyelelewa na bibi wa mwali kwa mkono wake, majike mawili na jogoo mmoja, na wanawake wote wanatazama chungu kikifunuliwa. Mwaka jana kideri kilitufagilia kuku wote. Akabaki mtetea mmoja mweusi, naye mwezi wa kumi mwaka huu akaangua vifaranga kumi na mmoja. Kwa umri wao, mavuno yakifika wangekuwa tayari. Mwamini alikuwa akiwaamkia kabla hajaniamkia mimi.

Wiki ya kwanza baada ya kufagia mji wangu, mwewe alichukua wawili. Wiki ya pili, watatu. Wazee walisema kuku wa maskini hatagi, akitaga haangui, akiangua huchukuliwa na mwewe. Mimi nilidhani ni maneno ya kuchekea, kumbe ni habari yangu iliyotangulia kufika. Zamani mama yao akilia, vifaranga waliingia kwenye miiba, mwewe anabaki juu anapiga miayo. Sasa walikuwa wanakimbilia palepale walipozoea, wanafika wanakuta majivu.

Nilitengeneza kila dawa. Nilitundika kunguru aliyekufa juu ya mti. Mwewe akaja akatua kando yake, nadhani alikuja kutoa pole. Nikafunga vitambaa vyeupe kwenye kamba. Nikawafunika kwa tenga, wakakaa salama, lakini walisinyaa kwa kukosa kumbikumbi na kuchakura, wakawa kama wafungwa. Tukawatoa. Ndipo Mwamini alipotoa ile akiba yake. Alisema yeye anakwenda shamba, na mimi niliyewavunjia nyumba wenye nyumba nitakaa niwe kichaka.

Basi nikawa kichaka, Fransisko. Mzee mzima, nimekaa kwenye kigoda katikati ya uwanja, debe bovu mapajani, kijiti mkononi, kofia yangu nyeupe ya Idi kichwani kwa sababu ya jua. Shaban wa jirani akipita aliniamkia, "Shikamoo, bwana shamba wa kuku," kisha anauliza kama serikali imenipa sare. Nilimwambia sare nitaishona kwa ngozi yake.

Nilikuwa na adui mwingine pia. Juu ya mkwaju alijenga mlamba na mkewe, yule ndege mweusi mdogo, mkia umepasuka kama wa samaki, macho mekundu kama mlevi. Yule ni mwongo. Usifikiri namsingizia. Anakaa kimya anamtazama mtetea akichakura. Mtetea akifukua kumbikumbi wanono, mlamba analia kile kilio cha hatari, kilekile cha kuku anapoona mwewe, huwezi kutofautisha. Mtetea anakimbia, vifaranga wanatawanyika, mimi napiga debe kama mwehu. Kumbe hakuna kitu. Mlamba anashuka taratibu, anaokota kumbikumbi, anarudi tawini kula mbele yetu. Kutwa mara tano, mara sita. Nilikasirika jinsi fundi anavyokasirika akimwona mtu mwingine anaifanya kazi yake vizuri zaidi.

Nikaapa kuukata mkwaju. Jumatatu nilipiga mashoka manne, la tano mpini ukavunjika. Nikampelekea Bernardo fundi shoka, akasema nilifuate Ijumaa. Namshukuru Mungu kwa mpini dhaifu na fundi mvivu. Kama Bernardo angekuwa mchapakazi, barua hii ingekuwa ya msiba.

Alhamisi, kama saa tatu na nusu asubuhi, jua limeanza kuwa kali, nilikuwa nasinzia. Vifaranga sita waliobaki wanachakura miguuni pangu. Mlamba akalia kilio cha mwewe. Nikamwambia, bila kufumbua macho, "Nenda ukamdanganye mama yako." Akalia tena. Mara hii sauti ilikuwa nyingine, kavu, ya haraka, na mkewe akaitikia. Nikafumbua jicho moja.

Nikaona kivuli kinatembea juu ya mchanga wangu niliofagia. Kilikuwa kikubwa kuliko mkeka wa mtu mmoja.

Nikatazama juu. Binamu, huyu hakuwa mwewe wa kawaida anayeiba utumbo sokoni. Huyu alikuwa na kifua cheupe chenye madoa, mbawa ambazo akizikunjua ungedhani mtu ameanika shuka. Akafumba zile mbawa akaja. Nilisikia sauti yake kabla hajafika, kama kaniki inayochanwa kutoka upindo hadi upindo. Mikono yangu ilikuwa na debe na haikulipiga. Unajua nilichowaza? Niliwaza kwamba ni mzuri. Mwizi wa kuku wa mjukuu wangu, na mimi nawaza ni mzuri.

Vifaranga wakakimbilia kichaka. Ndiyo, hakuna kichaka. Wakageuka, wote sita, wakaingia chini ya kanzu yangu. Nikasikia wanatetemeka kwenye vifundo vya miguu, mioyo yao inakwenda kama mvua juu ya bati. Na mtetea mweusi, mama wa watu, badala ya kuingia nao, akasimama mbele yangu, manyoya ametutumua, amekuwa mkubwa kama bata mzinga, ananikinga mimi pamoja na watoto wake. Mimi, niliyemchomea nyumba.

Halafu kitu cheusi kikaanguka kutoka kwenye mkwaju. Hakikuanguka, kilirushwa. Mlamba yule, mwili wake haujazi kiganja, alimpiga mwewe shingoni. Nilisikia pigo. Mwewe akayumba, mke wa mlamba akampiga upande wa pili, na zile kucha zilizokuwa zinakuja kwa mtetea zikapita juu yake zikanipata mimi utosini. Nikaona nyota mchana. Nilipoinua uso, mwewe alikuwa anapanda na kofia yangu ya Idi.

Na mlamba yuko juu ya mgongo wake. Naapa, Fransisko, na hiki si kiapo cha sokoni. Alikuwa amempanda mgongoni, ameshika manyoya kwa miguu, anamdonoa kisogo, anashuka, anazunguka, anampanda tena. Yule mkubwa analia, yule mdogo yuko kimya. Wakapita juu ya nyumba ya Shaban, wakapita juu ya mihogo, wakatokea kwenye ule uwanja mtupu wa karanga. Na wale mwewe wengine wote waliokuwa wakizunguka huko, wakampisha. Wakubwa wote wale wanafungua njia kwa kindege kimoja. Nilitazama mpaka wakawa nukta mbili, kubwa na ndogo, kisha moja, kisha mbingu tupu. Damu inanishuka sikioni na sikukumbuka kuifuta.

Nimesikia mawaidha mengi, na wewe umesikia ya padri. Sijui yako, lakini mimi hakuna hata moja lililoninyamazisha kama lile.

Mwamini alirudi shamba akanikuta nimekaa vilevile. Akaona damu, akatupa jembe, akauliza wangapi wamechukuliwa. Nikainua upindo wa kanzu. Akawahesabu kwa kidole, mmoja mmoja, mpaka sita, akawahesabu tena. Kisha akakaa chini mchangani, akasema, "Basi kichaka hiki kimeota vizuri." Katika miaka thelathini na mitano ya ndoa hakuwahi kunisifu kupita hapo.

Mlamba alirudi kabla ya adhuhuri. Alikaa kwenye tawi lake, akajitengeneza manyoya, akatutazama. Mtetea akafukua kumbikumbi. Na yule mshenzi akalia kilio cha mwewe, vifaranga wakakimbia, akashuka akala. Nilivua kofia, yaani ningevua kama ningekuwa nayo. Ale. Huo ndio ujira wake, na ni mdogo.

Ijumaa sikulifuata shoka. Nilikanda udongo mwekundu nikaziba yale majeraha manne ya mkwaju. Shaban akaniuliza tangu lini mti unakandikwa kama ukuta. Nikamwambia apite kimya, kuna mwenye nyumba juu. Tena nimeanza kurudisha ile miiba nyuma ya bafu, naipanda kwa mikono hii hii iliyoichoma, nayo inanichoma kwa kulipiza. Mvua hizi zikishika, mavuno yakifika itakuwa imefunga. Mwanne anakuja jioni kunisaidia kuimwagilia maji, anacheka, anasema babu ni mtu wa kwanza Kiegei kulima pori.

Kofia ilionekana. Shaban aliiokota kwenye mihogo yake, mbali kweli, ina matundu manne ya kucha. Mwamini anataka kuyaziba, nimekataa. Naivaa hivyo hivyo msikitini, na kila anayeuliza namweleza, ingawa nakiri kwamba habari ikifika kwa watu wa Ruangwa, huwa nimeshaanza kumdaka tena yule ndege kwa miguu.

Nisalimie mkeo Teodosia, mwambie namwonea huruma bado. Nisalimie mwanenu Lusiana, na kohozi lako pia. Mwamini na Mwanne wanakusalimu. Mwanne anasema usipofika kwenye ngoma yake atakula fungu lako la kuku mbele ya picha yako. Mungu wako na wangu, ambaye nadhani ni mmoja ila anakuficha hilo asikukatishe tamaa, akuweke chini ya kitu chenye kivuli siku kivuli kibaya kitakapopita.

Sasa lile la mwisho. Siku ulipoondoka na treni ya kwenda pwani, uliazima kile kioo changu cha kunyolea, ukasema ni cha safari tu. Treni imekwenda na kurudi mwaka wa pili huu. Wengine walinishauri nikiangike kiwapige mwewe macho. Sikitakii hilo tena, mlinzi ninaye. Ila nina jeraha utosini ambalo sijaliona. Mwamini anasema limezidi kidogo tu urefu wa punje ya mchele. Mimi nimeshawaambia watu linaanzia kwenye paji la uso linaishia kisogoni. Nirudishie kioo changu, binamu, nijue ni nani kati yetu anayesema uongo.

Ni mimi akupendaye, na asiyekuamini,
Bashiri Nampota