Kila nikivuka narudi na kitenge

Alhamisi

Damu ya mwezi bado haijakuja. Wenzangu wanaotafuta mtoto wanalia wakiiona. Mimi napiga magoti kuiomba.

Leo tena nimechomwa sindano za Kichina, zile nyembamba zisizo na dawa, kule Bukavu, tumboni na miguuni, kwa ajili ya hizi ovari zilizojaa vijifuko. "Vumilia, Maman, zitaamuka," daktari akasema. Lini? Akachomoa sindano ya mwisho.

Nyumbani nimewaambia navuka mpaka kununua vitenge, kwa hiyo kila safari narudi na kimoja. Jioni mama mkwe alifungua kabati, akavipapasa vyote.

"Binti yangu, bitenge yote hii, na mugongo haina mutoto."

Hakusema kwa ubaya. Ubaya ningeuvumilia.

Nimefunga mlango, nikajifunga kile kipya mgongoni. Hakina uzito wowote.