Mpaka Niliousogeza

Nyumbani kwa Shangazi Anastazia,
Singida Mjini,
Alhamisi.

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepata nafuu na mama anaendelea vizuri. Mimi ni mzima, nakula, nalala, na sijafukuzwa chuo, kwa hiyo tafadhali kaa usome taratibu.

Najua umeshatangaza kigangoni kwamba Novemba navaa joho la udaktari wa fizikia, na baba mdogo Festo ameshachagua ng'ombe wa kuchinja. Najua pia anavyosema huko kilabuni, eti miaka mitano natafuta kitu kisichoonekana. Mwambie hakukosea sana. Kitu hicho, aksioni, ni chembe inayodhaniwa tu kuwapo. Kazi yangu ni kukokotoa: kama ipo, iligusana na mwanga kwa nguvu kiasi gani ulimwengu ulipokuwa bado mchanga na wenye joto kali? Ingegusana nao kupita kiasi, alama zake tungeziona hadi leo. Hatuzioni. Basi tunachora mpaka na kusema, upande huu haipo.

Wewe uko baraza la ardhi, unamjua mtu anayeng'oa minyaa ya mpakani na kuipanda hatua kumi ndani ya shamba la jirani. Mimi nimefanya hivyo. Nilichukulia joto la mwanzo wa ulimwengu kuwa kubwa kuliko tunavyoweza kuthibitisha, na mpaka wangu ukameza eneo nisilo na haki nalo. Tasnifu nzima imesimama hapo.

Msimamizi wangu alinishauri niongeze sentensi moja ya tahadhari nihitimu, kwa kuwa hakuna atakayekagua. Nikamjibu, "Mimi nimekagua." Alikasirika. Na akasirike.

Sasa nikuambie kilichonifanya niandike badala ya kupiga simu. Jumatatu niliiondoa tasnifu kwa mkono wangu mwenyewe, bila kukuuliza. Novemba hakuna joho; ni mwaka mwingine mzima, pengine miwili. Nipo hapa kwa shangazi tangu juzi, na basi la kuja huko nyumbani Issuna naliona likiondoka kila asubuhi, ila nimeuogopa uso wako. Nimechoka kuogopa.

Naomba radhi kwa tangazo lako na kwa maandalizi ya Festo. Kwa kuiondoa tasnifu, siombi. Jumapili nakuja kanisani, na katekista akiuliza habari za joho nitasimama niwaeleze watu mwenyewe. Ukiona vigumu kukaa benchi moja nami, baba, kaa na Festo. Mimi nitakaa mbele.

Msalimie sana mama, umwambie nina hamu na mlenda wake.

Ni mimi binti yako, ambaye bado si daktari,
Scholastika.