Leseni ya Trekta na Lori la Kijiji

Uyole, Jumanne, 1976

Trekta nimeendesha miaka kumi na minane, sijaipindua hata siku moja. Nani mwingine hapa Uyole anaweza kusema hivyo?

Leo nilikwenda mjini kwa afisa wa leseni, maana kijiji kimepata lori na kinatafuta dereva. Nikamwekea leseni yangu mezani. Akasema, "Mzee wangu, hii ni ya trekta. Lori lina daraja lake, na basi la abiria lina lake."

"Kijana," nikamwambia, "gurudumu la trekta linanifika kifuani. Kama naliweza hilo, lori litanishinda nini?"

Akacheka. Nilikasirika, nusura niondoke.

Lakini akanieleza taratibu kwamba hawapimi ukubwa. Trekta ikikosea shambani inaharibu matuta ya viazi. Lori likikosea mteremkoni na mzigo, linaua watu. Hapo nikamwomba anipime.

Ijumaa atanipima. Nikishindwa, kijiji kitamchukua dereva mgeni kutoka Iringa, Mlandege huko, na mimi nitabaki kumpungia mkono.

Kuendesha siogopi. Naogopa alama za barabarani, maana kusoma kwangu ni kwa kuokota herufi. Afisa alinipa karatasi yenye picha zake, na mke wangu amezichora kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni. Anazinyooshea mwiko.

"Baba Tumaini, hii?"

"Kona kali."

"Na hii?"

"Ng'ombe wanavuka."

Nimepata saba, nimekosa moja. Hiyo moja yeye ndiye kaichora vibaya.

Kesho nitamwomba aichore tena.