Waya Nne za Mamo

Jumatatu, 7 Aprili 2025

Kosa la wengi ni moja. Mtu ana ampli ya valvu ya kukuza sauti ya gitaa, ana pedali ya kukanyaga yenye madoido yote ya sauti ndani yake, naye anachomeka pedali mbele, kwenye tundu la gitaa, kisha anashangaa mwangwi umetibuka kama mto Ewaso Nyiro wakati wa mvua. Leo nimemkuta Mamo katika kosa hilo hilo, sebuleni kwangu, amechuchumaa.

Nijielezee mwenyewe, maana nikieleza ndipo ninapoelewa. Ampli ya valvu ina vyumba viwili. Chumba cha mbele hupokea sauti ndogo ya gitaa na kuipa rangi na mkwaruzo. Chumba cha nyuma huipa nguvu ya kusukuma spika. Mwangwi ukitangulia chumba cha mbele, nao unakwaruzwa. Ni kupiga nguo pasi halafu kuifua. Kwa hiyo mafundi waliweka mlango katikati ya vyumba. Nyuma ya ampli kuna tundu lililoandikwa SEND, sauti hutokea hapo, na jingine RETURN, hurudia hapo. Mwangwi hukaa mlangoni humo. Si mahali pengine.

Mamo ni mume wa binti yangu Deka. Zamani nilimfundisha fizikia. Hakuwa mbaya. Ameoa kwangu lakini bado ananiita Mwalimu, na akinipa kikombe hutumia mikono miwili kana kwamba nitakisahihisha.

Shida yenyewe: Jumamosi Faiza anamwoza binti yake huko mtaa wa Kiwanjani. Faiza anataka gitaa. Kaka yake Guled anataka kinanda cha kijana Abdifatah. Faiza amesema atasikiliza Ijumaa. Familia hiyo ina malori na mabinti, na harusi yao moja huzaa nyingine, kwa hiyo atakayepiga Jumamosi atapiga mwaka mzima. Mamo akikosa, Jumapili anapanda pickup ya binamu yake Molu kwenda Merti, awe dereva huko. Merti si karibu. Ameshamkubalia Molu nusu.

Deka hajasema kitu. Deka asiposema kitu, nyumba nzima husikia.

Jumanne, 8 Aprili

Tumefunga waya nne. Nilimwambia Mamo aseme kwa sauti kila anachofanya, kama darasani. Alitii, na mke wake akacheka jikoni.

Waya ya kwanza: gitaa kwenda pedali. Ya pili: SEND ya pedali kwenda mbele ya ampli. Ya tatu: SEND ya ampli kurudi RETURN ya pedali. Ya nne: tundu la mwisho la pedali kwenda RETURN ya ampli. Sauti sasa inatembea hivi: inaingia pedali, inaenda kupakwa rangi kwenye ampli, inarudi pedali kuchukua mwangwi, inaenda kupewa nguvu. Inatoka nyumbani mara mbili na mara mbili inarudi. Watu huona ni fujo. Si fujo, ni utaratibu.

Mamo aliuliza kwa nini sauti inakuwa na pua. Swali zuri. Pedali hizi zina ampli za kuigiza ndani, na spika za kuigiza. Ukiwa na ampli ya kweli unazizima zote, ama utakuwa umevaa kofia juu ya kofia. Tulizima. Mamo akapiga kipande kimoja tu, polepole, mwangwi ukaja nyuma yake safi, kila noti na kivuli chake.

Akakirudia. Deka alisimama mlangoni akiwa na unga mikononi, akasikiliza mpaka mwisho.

Nimelala vizuri.

Jumatano, 9 Aprili

Asubuhi: safi. Mchana: safi. Jioni: ampli inalia kama fisi, na gitaa lenyewe limekonda, linatoka kama redio ya jirani. Hakuna aliyegusa kitu, asema Mamo.

Nilikagua waya moja moja. Nikagundua ya pili na ya nne zimebadilishana kwenye pedali. Ndiyo sababu ya kulia: sauti iliyotoka ampli ilikuwa inarudishwa mbele ya ampli ile ile, tena na tena, inajila mkia. Nikarekebisha.

Ila waya hazibadilishani zenyewe. Nikamuuliza tena Mamo. Hakuna aliyegusa, Mwalimu.

Namwamini. Hilo ndilo tatizo.

Alhamisi, 10 Aprili

Leo sikueleza kitu. Nilikaa tu kwenye kiti na gazeti nikatazama.

Muadhini alipoanza kuadhini adhuhuri, Mamo aliweka gitaa chini, akazima ampli, akang'oa waya zote nne na plagi ya ukutani, akakaa ameinamisha kichwa. Adhana ilipokwisha alizirudisha zote bila kutazama, kama mtu anayevaa viatu vyake. Ikalia fisi.

Nikamuuliza kwa nini anang'oa. Alishangaa kuulizwa. Kwa nyanya yake, huko Merti, redio haikuzimwa wakati wa adhana, iling'olewa kabisa, hata betri zilitolewa, maana redio iliyozimwa bado inasikiliza. Amekua hivyo. Kwake kung'oa huko si kugusa waya. Ni adabu tu. Kwa hiyo alikuwa akisema kweli jana.

Sikumwambia aache. Nilimwonyesha kitufe cha STANDBY. Ukikishusha, valvu zinabaki na joto lakini spika haitoi hata pumzi. Ni afadhali hata kwa valvu, kuliko kuziwasha na kuzizima mara kadhaa kwa siku. Alikitazama kwa mashaka. Taa nyekundu ilikuwa bado inawaka.

"Hii si kuzima, Mwalimu. Hii ni kunyamaza tu."

"Hata imamu akinyamaza hajazimwa."

Alicheka mpaka akashika meza. Deka akasema kutoka ndani, "Aabo, astaghfirullah," lakini naye alikuwa anacheka.

Nimefunga plasta kwenye kila ncha na kuandika namba, kwa tahadhari.

Baada ya chakula Deka alikuja peke yake. Alisema Faiza ananiheshimu, niliwafundisha watoto wake wote, nikimwambia neno moja tu kuhusu Mamo itatosha. Nilimjibu kwamba baba mkwe hapigii debe mkwe wake mlangoni kwa watu. Ni aibu kwangu, na kwake Mamo ni aibu zaidi. Mimi nakwenda kama mtu wa waya. Sauti ikiwa safi itajisemea.

"Sawa, Aabo," alisema, akaondoa vyombo.

Ijumaa, 11 Aprili

Tulikwenda Kiwanjani baada ya alasiri. Uwanja wa Faiza umefagiliwa, hema limeshasimama nusu. Faiza aliketi kwenye kiti cha plastiki, shali yake begani, Guled nyuma yake. Abdifatah alifika na kinanda kwapani, akachomeka waya moja, akapiga ngoma, besi, filimbi na makofi ya watu ambao hawapo. Ilichukua muda wa kumenya ndizi.

Sisi tulikuwa bado tunafunga.

Guled akaja kusimama juu yetu. Akaniuliza, kwa heshima zote, kama huyu mkwe wangu anakuja kupiga gitaa ama kuvutia mtaa stima. Watu wakacheka. Nilimweleza waya ya kwanza. Nilimweleza na ya pili. Kwenye ya tatu alikumbuka simu.

Tulipowasha kukawa na mngurumo. Mzito, wa chini, haukomi. Guled akarudi upesi sana. Anajua mngurumo, alisema, ni huo mguu mrefu wa plagi, ule wa ethi, ukikatwa kelele inaisha, yeye amekata mingi. Alikuwa tayari na koleo.

Nilimshika mkono. Sipendi kushika watu. Nikamwambia ndani ya ampli ya valvu kuna umeme mkali kuliko wa ukutani, na mguu ule ndio njia yake ya kwenda ardhini ikitokea hitilafu. Ukikata, njia inayobaki ni Mamo. Nilisema kwa sauti ya darasani. Guled akaweka koleo mfukoni.

Chanzo kilikuwa kingine. Pedali ilikuwa imechomekwa ndani ya nyumba, ampli kwenye waya iliyotoka dukani kwa Guled. Ethi mbili tofauti, na waya zetu nne katikati zikaziunganisha kuwa duara. Duara hilo ndilo linalonguruma. Nilichomeka zote kwenye ekstensheni moja. Mngurumo ukashuka hadi kunong'ona.

Mamo akapiga. Alipiga vizuri. Si kama Jumanne, lakini vizuri. Mikono yake ilikuwa na haraka.

Uamuzi wa Faiza: kesho Mamo ataanza. Abdifatah atakuwa amekaa pembeni, kinanda kimewashwa. Wimbo wa kwanza ukienda vibaya hakutakuwa na wa pili. Halafu akanitazama, kana kwamba ananingojea niongeze neno. Nikasema ekstensheni isiguswe.

Njiani Mamo alisema Molu ameshaosha pickup.

Jumamosi, 12 Aprili

Naandika nyuma ya jukwaa, kwenye kiti, ampli mbele yangu. Bibi harusi hajafika. Wanawake wamejaa upande mmoja wa hema, chai inazunguka, uturi kila mahali.

Waya zote nne ziko sawa. Namba zinalingana. Ekstensheni moja. Ethi nzima. Nimekagua mara tatu. Hakuna kosa.

Na gitaa linalia nzzzz.

Si mngurumo wa jana. Ni mwembamba, kama nyuki chupani. Ulianza mtu wa mapambo alipowasha taa zake — vijitaa vya rangi, mamia, vimezungushwa nguzo zote na juu ya jukwaa, vinapunguzwa mwanga na kuongezwa kwa kijisanduku cha bei rahisi. Kijisanduku hicho kinakatakata umeme ili kupunguza mwanga, na sumaku za gitaa hunasa kila kipande. Hapa waya haina hatia. Pedali haina hatia. Hakuna tundu la kuchomeka jambo hili.

Nilimgeuza Mamo kidogo kidogo kama antena. Akielekea ukutani nyuki wananyamaza kabisa. Lakini hatuwezi kumweka mpigaji wa harusi akiipa harusi mgongo. Guled ameona tukijaribu. Ameona yote.

Nilimwomba mtu wa mapambo azime kwa muda. Amesema yeye ameajiriwa na mama bibi harusi, na bila neno la mama hagusi hata kitaa kimoja. Anasema kweli. Mamo hawezi kumwendea Faiza, yeye ni kijana wa kazi leo, na hawezi kupita katikati ya wanawake wote wale. Guled hataki. Deka yuko upande ule, ameketi karibu na Faiza kabisa, na angeweza kumnong'oneza. Hamnong'onezi. Ananitazama mimi.

Faiza amezipenda taa hizo. Asubuhi alizunguka nguzo zote akizigusa kwa kidole.

Ngoma za wanawake zimeanza barabarani. Gari la bibi harusi litakuwa limepita mzunguko wa barabara. Abdifatah amekunja mikono ya shati. Mamo amelipakata gitaa, kiganja juu ya nyuzi kuzinyamazisha, na hanitazami, asije akaonekana anaomba.

Nimetafuta maelezo ya kumpa Faiza. Ninayo, marefu, mazuri, yenye sumaku na kila kitu. Hayafai. Hakuna nafasi ya waya ya kwanza na ya pili.

Inuka, mzee. Pita katikati ya wanawake, mwombe Faiza azime taa kwa ajili ya mkwe wako.