Jumanne Naingia Majini

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, za shemeji yako, na za huyu aliyemo tumboni ambaye anamsalimia mama yake mkubwa kwa mateke. Hujambo? Yale mafua uliyokuwa nayo Jumapili tulipoongea yamekuachia, au bado unapiga chafya mpaka mafaili yanaruka? Na hapo masijala wanakuonea huruma siku hizi, au wanaendelea kukurundikia kazi kana kwamba una mikono minne? Sisi huku wazima. Mama magoti yanamsumbua, lakini ulimi hauna tatizo lolote, unamjua.

Najua unashangaa kupata barua kutoka kwa mtu anayekupigia simu kila wiki. Sababu ipo, na nitaifikia. Niache tu nifike kwa mwendo wangu, maana siku hizi natembea kama bata.

Nimeingia wiki ya thelathini na sita. Tumbo linaingia mlangoni kwanza, mimi nafuata baadaye. Nilipokuwa nikikuambia kwenye simu kwamba niko salama na ninapumzika vizuri, nilikuwa nakupa nusu ya habari. Ukweli ni kwamba mimba ilipoingia mwezi wa tano nilipanda kitandani nikakataa kushuka. Sikuwa mgonjwa, wala hakuna daktari aliyeniambia nilale. Ilikuwa woga, dada. Kule kazini kwenye chumba cha kushonea mapazia niliomba ruhusa nikapewa, wakidhani nina matatizo makubwa. Shemeji yako naye, si unajua seremala akiwa na wasiwasi hutafuta misumari, akapigilia vishikio ukutani kuanzia kitandani hadi chooni, nyumba ikawa kama behewa la treni. Mama alikuja kila asubuhi kuhakikisha sijainua hata kijiko. Miguu ilivimba, mgongo ukawaka moto, na siku moja nililia kwa sababu ya tangazo la sabuni redioni. Mimba niliyoililia miaka minne, halafu nimeipata, na sikuwa nikifurahia hata siku yake moja.

Aliyenishusha kitandani ni mkunga wa kliniki. Ni mama mfupi, mnene kidogo, anavaa filimbi shingoni kama mwamuzi wa mpira, kwa hiyo wote tunamwita Filimbi, na yeye anaitika. Alinipima presha, akampima mtoto, akayabonyeza maguu yangu, kisha akaniuliza ni nani aliyeniamuru nilale. Nilipomjibu kwamba hakuna, aliniuliza tena kama nimejifunga mwenyewe na funguo nimezimeza. Alinieleza kwamba mimi na mtoto tuko sawasawa, na kwamba kwa mtu wa hali yangu kitanda ni cha usiku na cha usingizi kidogo mchana, basi. Akaniambia kila Jumanne asubuhi hukusanya wajawazito kwenye bwawa la kuogelea la shule iliyo nyuma ya kliniki, na wiki ijayo anataka kuniona. Nikajitetea kwamba sijui kuogelea. Akasema hakuna aliyeniomba niogelee, maji yenyewe yanafika kifuani, nitembee tu.

Nilirudi nyumbani nikawaza siku mbili. Siku ya tatu nikaamka, nikaketi kwenye cherehani yangu kwa mara ya kwanza baada ya wiki kumi, kwa sababu madukani hakuna nguo ya kuogelea ya kuniingia. Nilipata kitambaa kile kinachovutika, nikakishona mshono wa zigizaga ili uzi usikatike, na mbele nikaweka mikunjo ya kutosha. Pamoja na utaalamu wangu wote nilikosea kipimo, maana kati ya Alhamisi niliyokata na Jumatatu niliyoshona tumbo lilikuwa limeongezeka, ikabidi nitie kipande ubavuni. Rangi ilikuwa ya chungwa, ndiyo iliyobaki dukani. Shemeji yako aliponiona alisema sasa hata nikipotea msituni ndege za uokoaji zitaniona bila shida. Nilimcheka, kisha nikagundua kwamba ni muda mrefu sikuwa nimecheka ndani ya nyumba hiyo.

Dada, sijui nikuelezeje ile Jumanne ya kwanza. Nilishuka ngazi nikiwa nimeshika chuma kwa mikono miwili, na maji yalipofika kiunoni nikasikia tumbo linanyanyuliwa. Mzigo wote uliokuwa ukinivuta mgongo kwa miezi mingi, maji yaliubeba. Nilisimama pale nikitokwa na machozi, nikamwambia Filimbi ni dawa ya maji imeniingia machoni, na yeye akajifanya ameamini. Tulikuwa wanawake kumi na mmoja, matumbo kumi na moja. Filimbi akipuliza mara moja tunatembea mbele, mara mbili tunarudi kinyumenyume, mara tatu tunashika ukingo na kupiga mateke. Anayeshindwa kuongea huku akitembea anaambiwa apunguze mwendo. Anayesikia kizunguzungu, maumivu au chochote kisicho cha kawaida anatoka na kusema palepale, hakuna kuona haya. Na kila Jumanne kabla hatujaondoka anatukumbusha kwamba mtoto akipunguza kucheza tusisubiri kesho, tusimwulize jirani, tusiogope kuonekana wasumbufu, twende hospitali siku hiyohiyo.

Tangu hapo nimekuwa mtu mwingine. Nimerudi kazini nusu siku, nakaa nikichoka, nasimama nikichoka kukaa. Jioni mimi na shemeji yako tunatembea hadi darajani na kurudi, polepole, tukibishana jina la mtoto. Miguu imepungua uvimbe. Wenzangu wa bwawani walipoiona ile nguo ya chungwa walinicheka sana, kisha mmojammoja akaja kuniuliza kama naweza kumshonea. Sasa ukitutazama kwa mbali utadhani mtu amemwaga pipi majini.

Mama alipopata habari alikuja mwenyewe, Jumanne ya tatu, na mkoba wake kwapani. Alisimama ukingoni akaniamuru nitoke mbele ya watu wote. Dada, unanijua mimi. Mtu wa ndiyo mama, sawa mama. Siku hiyo nilimwambia kwa heshima zangu zote kwamba nampenda, na kwamba sitoki mpaka filimbi ya mwisho. Nilidhani ataanguka. Filimbi alimshika mkono akaenda kumkalisha kwenye benchi, wakaongea muda mrefu, na mimi nikaendelea kutembea majini. Walichoongea nitakueleza hapa chini.

Kilichonifanya nishike kalamu kilianza Jumanne iliyofuata. Filimbi alitaka tushikane mikono wawiliwawili, mmoja aende mbele na mwingine kinyumenyume. Mwenzangu alikuwa mgeni, amefika siku hiyo. Nilipoinua uso nikamwona ni yule rafiki yako msusi, wa saluni iliyokuwa chini ya ukumbi wako wa dansi. Ana mimba ya tatu. Hakuwa na kinyongo hata kidogo. Alinikumbatia, tumbo kwa tumbo, na kabla hatujavuka bwawa mara mbili alikuwa ameniuliza habari zako. Aliniambia kwamba miaka sita iliyopita ulimpita sokoni kama unapita nguzo ya umeme, na kwamba mpaka leo hajui alikukosea nini. Alisema amejiuliza sana. Alisema labda alisuka vibaya, na akacheka, lakini alikuwa amenishika mikono na nilisikia inavyonikaza.

Sasa nimefika, dada. Nimezunguka kurasa mbili na siwezi kuzunguka tena.

Unakumbuka jinsi Mama alivyokulazimisha ulale miezi ile miwili ya mwisho ya mimba yako, nawe ulikuwa na wanafunzi wako wa dansi na ulikuwa unanyong'onyea humo chumbani. Unakumbuka ulivyokuwa ukitoka kwa mlango wa jikoni kila Jumatatu na Alhamisi, na mimi nikilala kitandani mwako, shuka mpaka masikioni, uso ukutani, na mto tumboni. Mama akifungua mlango anaona mlima umelala, anafunga taratibu. Uliporudi tulikuwa tunang'ata shuka kwa kicheko. Sijawahi kukuona na raha kama siku zile. Ulikuwa unapanda ngazi za ukumbi ule kwa madaha, na wanafunzi wako wanakupigia makofi.

Kisha ikaja ile Jumamosi ambayo mtoto hakucheza.

Pale kwenye korido ya hospitali, wewe ukiwa ndani, Mama hakuniuliza kitu. Nataka ulijue hilo vizuri. Hakunibana, hakunitisha. Nilisema mwenyewe. Nilikuwa nimeshika shavu nikifikiri kwamba kama si mimi na ule mto wangu, usingetoka, na mtoto angekuwa hai. Niliogopa sana mtu mwingine asifikirie hivyohivyo. Kwa hiyo nikawahi. Nikamwambia Mama kwamba ulikuwa ukitoroka kwenda kucheza dansi, na kwamba nilikukataza hukunisikia. Nilikukataza, ndivyo nilivyosema, dada. Habari za mto sikuzigusa. Mama akainuka, akaingia ulipolazwa, akakuambia yale maneno ambayo sitayaandika hapa kwa sababu unayajua kuliko mimi.

Baadaye uliuliza nani amemwambia, Mama akanyamaza. Ukanitazama mimi, nami nilikuwa nimesimama palepale miguuni pa kitanda, ukasema bila shaka ni msusi, maana ndiye peke yake aliyekuwa akikuona ukipanda ngazi. Nikatazama chini. Nilidhani nitakuambia ukipata nafuu. Ulipopata nafuu ulifunga ukumbi, ukaenda mji mwingine kukaa kati ya mafaili, wewe ambaye hukuwahi kukaa hata kwenye kiti cha kula ukatulia. Na mimi nimekuwa nikikupigia simu kila Jumapili kukuuliza habari za mafua.

Nilipobeba mimba hii ndipo woga wote ukanirudia, nikajilaza. Nilikuwa najiadhibu, nafikiri. Lakini nilipokwisha kukutana na msusi nilimfuata Filimbi chumbani kwake nikamweleza habari zako zote, nikamwuliza kama mtu anaweza kumpoteza mtoto kwa sababu ya kucheza. Alivua filimbi akaiweka mezani. Aliniambia kwamba mara nyingine ni kitovu, mara nyingine ni kondo la nyuma, na mara nyingi sababu haipatikani kabisa hata madaktari wakitafuta. Ila mwanamke mwenye afya, aliyezoea kucheza, hakumwua mtoto wake kwa kucheza. Akaniambia kwamba ndiyo maneno aliyomwambia Mama siku ile kwenye benchi, kwa sababu Mama alimsimulia mwenyewe kisa hichohicho huku akilia. Mama yetu, dada, alilia mbele ya mtu asiyemjua. Siku ile tulirudi nyumbani pamoja. Kesho yake aliniuliza kama bado unacheza. Nilimwambia sidhani. Akasema aha, akaendelea kumenya viazi, hata kile alichokwisha kukimenya. Hajui aanzie wapi. Usiponijibu mimi, fikiria kumjibu yeye, hata kama hajauliza bado.

Jumanne iliyopita nilimwambia msusi. Nilimwambia humohumo majini, tumeshikana mikono, ili nisiweze kukimbia. Aliniachia, akaenda zake mpaka upande wa pili, akarudi, akaenda tena, akarudi. Kisha akasema kwamba kama asingekuwa na tumbo angenizamisha. Nilipomwambia kwamba nitakupigia simu jioni hiyohiyo, alinikataza. Alisema kwenye simu nitalia, nawe utaanza kunibembeleza mimi mwenye mimba, na hapo nitakuwa nimekuibia mara ya pili. Akasema niandike, ili ukitaka kunitukana unitukane bila kusikia kilio changu.

Kwa hiyo naandika, na silii. Hukumwua binti yako, dada. Aliyekufanya uishi miaka sita ukidhani ulimwua ni mimi, na rafiki uliyempoteza hakukufanyia lolote.

Sikuombi msamaha kwenye barua hii, maana najua ukiombwa na mjamzito utaona haya kukataa. Wala usije kwa sababu ya tumbo langu. Kasirika kadiri unavyotaka, ni haki yako na umecheleweshewa sana. Mimi nitajifungua, Mama yupo, shemeji yako yupo na vishikio vyake. Jumanne naingia majini, na Jumanne nyingine inayofuata, na nyingine, mpaka uchungu unikute. Nimeamua mtoto huyu azaliwe na mama anayetembea na asiyedanganya. La kutembea nimeshalianza zamani kidogo. Hili la pili nalianza leo.

Mama anakusalimu, ingawa hajui kama naandika. Shemeji yako anakusalimu. Wafikishie salamu wenzako wa ofisini, nawe jitunze, uvae sweta asubuhi. Ukimaliza kusoma, kama utakuwa na nguvu ya kupiga simu moja tu, usinipigie mimi. Mpigie msusi. Namba yake ni ileile. Amebadilisha saluni mara mbili na nyumba mara tatu, lakini namba hajaibadilisha, anasema aliogopa ungepiga ukamkosa.

Ni mimi, mdogo wako.