Theluji Juu ya Nyumba ya Bibi Agatha

Uswisi, 20 Novemba 1994

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Kanazi, na goti lako la kushoto limeacha kukusumbua. Mimi sijambo, ila pua inavuja tangu asubuhi hadi jioni, na masista wenzangu wananicheka kwa soksi tatu ninazovaa kila mguu.

Mama, nimehamishwa. Mkuu wa shirika amenitoa konventi ya mjini na kunileta huku juu milimani, kijiji kidogo cha watu wasiofika mia mbili. Namtunza Bibi Agatha, mjane wa miaka themanini na minne, hana mtoto wala mjukuu. Mimi nalala chumba cha pili, karibu na jiko.

Theluji imeanguka siku mbili mfululizo. Nilidhani itakuwa kama mvua ya mawe ya kwetu, ile inayopiga bati na kuchana migomba. Sivyo. Hii haina sauti kabisa. Unalala dunia ikiwa na rangi, unaamka Mungu ameifuta yote. Nilisimama mlangoni mdomo wazi mpaka Bibi akaniambia nifunge, mlango na mdomo.

Lakini nyuma ya nyumba yetu mlima unapanda wima. Theluji ikizidi huko juu hukatika, ikashuka yote kwa pamoja, ikazoa miti, mazizi na nyumba. Yupo bwana mmoja, Anton, kazi yake ni kuichunguza. Kila siku anapanda kuichimba, na jioni redio inatangaza hatari kwa namba, moja mpaka tano. Ikifika nne, watu wa nyumba tatu za juu hushuka kulala kwenye nyumba ya parokia. Wa nyumba mbili hushuka. Bibi Agatha hashuki. Anasema mwaka hamsini na moja maporomoko yalipita hatua thelathini kutoka mlangoni pake, yakachukua zizi la jirani, yeye yakamwacha. "Mlima huu unanijua," anasema.

Nimeagizwa nisimwache peke yake. Hata nisingeagizwa, nisingemwacha. Niombee, Mama.

Wako mtoto,
Sista Zita


Kanazi, Ngara, 15 Desemba 1994

Kwako mwanangu Zita,

Marahaba. Milele na milele, amina. Goti linauma kama kawaida yake, lakini ulimi haujambo, kwa hiyo majirani ndio wa kuhurumiwa. Maharage yameota vizuri.

Barua yako nimeisoma mara tatu, halafu nikampelekea Padri Leonidas anisomee ya nne, nikidhani macho yangu yamezeeka. Akasema nimesoma sawa. Kumbe kuna nchi ambayo mvua inalala juu ya mlima ikisubiri kumwangukia mtu!

Usidhani ni wewe tu uliyeona makubwa, Sista. Ulipoondoka hapa hukuyaona yetu. Mwezi wa nne nilikuwa kwa mjomba wako, karibu na barabara ya Rusumo. Asubuhi nikatazama ng'ambo, nikaona mlima unatembea. Walikuwa watu, Zita, wakimbizi wa vita waliovuka mpaka. Siku ile nzima, usiku wake, na kesho yake. Watu wengi namna ile ungetegemea kelele. Hapakuwa na kelele. Nilisikia miguu tu, na masufuria yakigongana vichwani. Nilipiga magoti kando ya barabara bila kujua namwomba Mungu nini. Sasa Benaco, kambi waliyowekwa, pamekuwa mji wa maturubai ya bluu usioona mwisho wake, na milima ya pale imekwisha miti, yote imepikiwa.

Yupo mama mmoja wa kambini, Uwimana, anayekuja kunisaidia kupalilia. Analala kwangu siku za kazi na kurudi siku ya kugawiwa chakula, na mwanawe Ishimwe mgongoni. Nilimsomea habari za huyo bibi yako wa mlimani. Hakucheka kama nilivyocheka mimi. Aliuliza tu, "Mwanao analala nyumba hiyo hiyo?"

Nami ndipo nilipoacha kucheka. Zita, redio ikisema nne, shuka. Huyo bibi si mama yako. Mama yako niko hapa.

Mama yako,
Melania


Uswisi, 5 Januari 1995

Mama mpenzi,

Shikamoo. Heri ya Mwaka Mpya kwako na kwa Uwimana na mtoto. Afya yangu ni njema, namshukuru Mungu. Barua yako imenifikia jana.

Nisikufiche jambo. Juzi Anton alinichukua kwenda kuchimba naye, mahali pasipo na hatari sana, ili nielewe kwa nini anapiga kelele mlangoni petu. Alikata theluji wima kama unavyokata udongo wa shimo la choo, akanionyesha ukuta wake. Ina tabaka, Mama. Kila siku ya mwezi wa kumi na moja na wa kumi na mbili ipo pale, hata siku ya upepo inajulikana. Chini kabisa theluji ya kwanza imegeuka punje punje kama ulezi, haishikani. Juu yake upepo umelaza theluji ngumu, nzima. Sasa mwaga ulezi kwenye mteremko, tandika mkeka juu yake, kisha ukanyage mkeka. Hayo ndiyo yaliyo juu ya nyumba yetu.

Tulipokuwa tunarudi tulisikia chini ya miguu, "vuuum", theluji yote tuliyosimama juu yake ikashuka kidogo. Anton alinishika mkono, nikaona uso wake umekwisha damu. Akaniongoza hatua kwa hatua mpaka kwenye miti. Hiyo miti hapa hairuhusiwi kukatwa hata tawi, ndiyo inayozuia.

Halafu ng'ambo ya bonde mlima ukafunguka. Mstari mwembamba kwanza, kama ufa wa chungu. Kisha upande mzima ukaanza kuondoka, polepole, bila sauti, wingu jeupe likapanda juu kuliko mlima wenyewe. Sauti ilikuja baadaye, na baada ya sauti ukaja upepo, ukatupiga vifuani tulipo, mbali kote kule. Mama, nilisahau kuogopa. Nilisema "Mtakatifu, Mtakatifu" kwa Kiswahili na Anton akavua kofia.

Jioni ile redio ilisema nne. Mwenyekiti wa kijiji akaja mwenyewe. Bibi Agatha alimpa kahawa na keki, akamsikiliza hadi mwisho, akamwambia, "Nyumba hii mume wangu aliijenga kwa mikono yake, na mimi sihami kwa sababu ya redio." Nami nikabaki naye. Tulisali rozari tukalala. Hakikuanguka kitu, na namba imerudi tatu. Lakini Anton anasema mteremko wetu haujashuka hata kidogo mwaka huu. Umejaa.

Najua utakasirika. Afadhali ulisikie kwangu.

Wako mtoto,
Zita


Kanazi, 23 Januari 1995

Zita,

Salamu baadaye. Barua yako imechukua siku kumi na nane. Mambo unayoniambia yameshatokea au hayatatokea tena, na mimi hapa nashika kalamu bila kujua kama yupo wa kusoma. Nimemtukana Anton, nimemtukana huyo bibi na keki yake, nimemtukana hata mkuu wa shirika lenu, na kesho nitakwenda kuungama.

Nilipochoka nilikaa chini na Uwimana. Nikamwuliza, "Ninyi mliwezaje kuwatoa wazee?" Akanijibu akiwa anachambua mboga, hakuniangalia.

"Mama mkwe wangu alikaa juu ya kinu akasema hatoki. Mume wangu alimvuta, akang'atwa mkono. Majirani wakamwambia utakufa, akasema ndiyo, nitafia hapa. Watu wanapita, sisi tumesimama. Mimi nikamchukua Ishimwe nikamfunga mgongoni mwake. Nikamwambia, Mama, nibebee huyu, mimi nina mzigo. Akainuka kwenye kinu. Alitembea siku tano, Mama Zita. Sisi vijana tulikuwa tunaomba kupumzika, yeye haombi."

Unasikia, mwanangu? Mtu mzima hakimbizwi. Kila anayekuja kwa bibi yako anamwambia aache: acha nyumba, acha kitanda. Nani amemwambia ashike? Mpe cha kubeba. Kitu gani, mimi sijui, wewe ndiye uko huko na mimi niko kwenye migomba.

Barua hii haipiti posta. Yupo nesi mzungu wa kambini, Mswisi, kesho kutwa anapanda ndege kurudi kwao likizo. Nimekwenda mpaka Benaco na goti hili, nikamshika kwapani, nikamwapisha kwa Bikira Maria kwamba ataifikisha kwa mkono. Nadhani ananiogopa. Vizuri.

Mama yako


Kanazi, 20 Februari 1995

Mwanangu Zita,

Hujambo? Ni salamu tu. Nimekwenda parokiani mara tano kuuliza barua. Padri Leonidas sasa akiniona kwenye lango anatikisa kichwa kabla sijafika, ili nisipandishe kilima bure.

Jana ilinyesha mvua ya mawe. Nilitoka nje nikasimama ndani yake, Uwimana akanivuta mkono nikakataa kuingia. Nilitaka tu kuona.

Andika hata mstari mmoja. Kama huwezi, basi mwenye kukuona aandike.

Mama yako


Uswisi, 24 Februari 1995

Mama yangu,

Shikamoo. Niko hai. Naanza na hilo. Barabara ya bonde ilifunikwa kwa wiki tatu, hapakuingia gari wala posta, simu zilikatika. Leo ndiyo mara ya kwanza barua kutoka.

Nesi wako alitimiza kiapo. Alifika kwa miguu tarehe 28 Januari, amebeba barua yako kifuani, akateremka upesi kabla njia haijafungwa. Jioni ile theluji ikaanza. Siku ya tatu ilikuwa imefika madirishani na redio ikasema tano. Anton akaja mbio, akapiga kelele, "Sasa hivi, nyote wawili!" na akaenda kuwatoa wa nyumba ya pili.

Nilikuwa nimefikiria sana cha kumpa. Nikachukua picha ya marehemu mumewe ukutani, nikamwambia, Bibi, ibebe hii. Aliipokea, akaifuta vumbi, akairudisha kwenye msumari wake.

Basi nikaketi sakafuni nikalia. Si kwa ujanja, Mama, Mungu ni shahidi wangu. Nikamwambia, "Bibi, ninaogopa. Nataka kushuka na siwezi. Njia imefunikwa, siijui. Kwetu hakuna theluji. Sijui kuitembea."

Akanitazama. Akatazama miguu yangu. "Na viatu hivyo?" akasema. Akainuka, akatoa viatu vya marehemu chini ya kabati, akanifunga kamba yeye mwenyewe akiguna. Akachukua fimbo, akatufunga kamba moja viunoni, yeye mbele. "Kanyaga nilipokanyaga. Usiongee." Theluji ilikuwa inamfika kifuani. Mawe yote ya njia ile alikuwa anayajua kwa fimbo, moja moja, kama shanga za rozari. Hatua mia nne zilituchukua saa nzima, na kila nilipoteleza alivuta kamba na kunigombeza.

Kesho yake saa nne asubuhi mawingu yalifunguka, jua likawaka, tukawa dirishani kwenye nyumba ya parokia. Mlima ukaachia. Sijui niseme nini. Nimesoma Zaburi tangu nikiwa mdogo, milima inaruka kama kondoo waume, na nilidhani ni maneno ya kuimba. Glasi zilicheza mezani. Mchana ulikuwa mweupe, halafu hatukuona kitu kwa muda wa Baba Yetu tatu. Ulipotulia, hapakuwa na nyumba. Hapakuwa hata na mahali ilipokuwa nyumba. Watu wote walipiga magoti, isipokuwa Bibi. Alisimama akitazama, mkono wake kwenye bega langu.

Mama, nisaidie tena. Tangu siku ile Bibi hali chakula ila kijiko kimoja au viwili. Anakaa kwenye kiti dirishani. Wanakijiji wanampenda, wanamletea supu na blanketi, wanamwambia pumzika, Bibi, usishike hata kikombe. Mimi nimeshazoea theluji, naenda kanisani peke yangu, simsumbui. Daktari haoni ugonjwa. Nifanye nini?

Wako mtoto,
Zita


Kanazi, 19 Machi 1995

Mwanangu, mwanangu Zita,

Marahaba, na tena marahaba. Padri Leonidas hakungoja nifike langoni. Aliteremka kilima kwa baiskeli akiipunga barua, kanzu nusura imtie mtaroni. Nililia, nikapiga vigelegele, nikalia tena. Jioni tulikunywa pombe ya ndizi, hata Padri kidogo.

Nilimsomea Uwimana yote. Kwenye viatu alitabasamu. Kwenye kiti cha dirishani akaweka jembe chini.

Kumbe hakuwa amenimalizia hadithi yake. Walipofika Benaco, majirani walimpokea yule mama mkwe kwa huruma. Wakamfungua mtoto mgongoni. Wakamtandikia chini ya turubai wakasema, pumzika sasa, Mama, umefanya kazi kubwa. Uwimana naye akamfunga Ishimwe mgongoni mwake mwenyewe, kwa mapenzi, ili asimchoshe mzee. Mama mkwe akakaa pale. Hakuwa na homa, hakuharisha. Siku ya tisa walimzika.

"Nilimtua mtoto mapema," Uwimana aliniambia. Ndiyo mara ya kwanza nimemwona analia, tangu mwezi wa nne.

Kwa hiyo nisikilize mimi na yeye, maana anayesema hapa ni sisi wawili. Usiende kanisani peke yako. Kesho asubuhi simama mbele ya kiti chake na viatu vile vikubwa mkononi, kamba hazijafungwa. Mwambie njia imeganda, unaogopa kuanguka. Teleza kidogo. Akikugombeza, nyamaza. Na theluji ikiyeyuka mwanangu, mwambie hujui kupanda viazi vya kwao, wala kuoka keki ile.

Wewe bado hujui kitu. Hata ukijua, usijue.

Mama yako,
Melania