Kitabu cha Wakorea Wangu

Jemimah, nimejifungia kwenye choo cha walimu. Usinipigie, soma tu.

Unakumbuka kile kitabu cha insha za Kiingereza nilichowachagulia Wakorea wangu, wale watu wazima ninaowafundisha? Niliwauliza mbele ya darasa zima, "Mnakipenda?" Wote kumi na wawili wakainamisha vichwa: "Ndiyo, mwalimu." Nikaringa! Mkuu wa shule akaagiza nakala.

Leo Bi Seo, yule wa miaka sitini, kanivuta pembeni. "Mwalimu, samahani. Kitabu hiki tulikisoma Seoul. Mara mbili."

Mara mbili, Jemimah!

"Mbona hamkusema?"

"Ulikuwa umefurahi sana."

Na sisi tulipokuwa tukisoma kule Nakuru, nani angethubutu kumwambia mwalimu kitabu chake hakifai? Nilipaswa kujua!

Nikarudi darasani, nikaamua kukiri kwa mkuu. Kabla sijafungua mdomo, mkuu huyo mlangoni: "Kitabu kinawasaidia?"

"Sana!" wakajibu darasa zima, na Bi Seo ndiye aliyepaza sauti kuliko wote, eti ananitetea. Mimi na mdomo wangu huu, nikakimbilia huku chooni.

Nikikiri sasa, nawafanya waongo. Nikinyamaza, wataingia mtihani wa Juni bila kujifunza kitu kipya.

Ngoja, mkuu anabisha hapa chooni. Ana furaha. Anasema ameagiza na sehemu ya pili.